Mpira wa Vali

Miaka thelathini na moja kwenye kibaraza changu, Isevya,
nimezijua vali.
Nimezing'oa kwa meno, nimezipuliza mchanga,
nimeikata mipira yake midogo kwa wembe,
na mwenye baiskeli akiniuliza upepo unatokea wapi
natia mate kidoleni,
napaka mdomoni mwa vali, nasubiri.
Kipovu kikivimba, mwizi ni huyo.

Jana, Kitete, walimlaza Kalunde ubavu wa kushoto,
wakampaka kifuani ute wa baridi,
na Dakta Ntabaye akatelezesha kifaa polepole
kama mtu anayesaka tundu la mwiba
kwenye tyubu iliyozamishwa karaini.
Kiooni ukatokea moyo wa binti yangu,
wa kijivu,
mdogo kuliko nilivyoulipia ada.

"Vyumba vinne, mzee. Viwili juu, viwili chini.
Damu iliyochoka inaingia juu kulia,
inashuka kwa mlango wa majani matatu,
inasukumwa mapafuni ikavute hewa,
inarudi juu kushoto, imetakata,
inashuka tena, mlango huu hapa, wa majani mawili,
kisha lango la mwisho, na mwili mzima,
mpaka kwenye kucha.
Milango minne. Yote ni ya kwenda tu."

Nikamuuliza nani anaifungua.
Nilidhani kuna bawabu humo, kuna msuli wenye kazi hiyo.
"Hakuna. Ni damu yenyewe.
Ikisukumwa mbele, majani yanaachia.
Ikigeuka, uzito wake uleule
unayapiga yakabana.
Na mlio tunaouita mapigo, du-dap,
ni milango ikijifunga."

Anayetaka kurudi ndiye anayejifungia.
Nikalirudia hilo kimyakimya, nikaliona tamu,
nikasahau kidogo tulichofuata.

Akabonyeza kitu. Rangi zikaja.
Nyekundu ikapita mlangoni kwa adabu.
Halafu, pale majani yalipopaswa kukutana,
mwali wa bluu ukachomoka kinyume,
juu, kule ilikotoka.
"Bluu si uchafu," akasema, "ni uelekeo tu."
Lakini mimi kidole changu
kilikuwa kimeshafika mdomoni, kimelowa mate.

Alikuwa na miaka saba. Koo.
Nilimpa asali ya msituni, ya Sikonge, nyeusi,
na koo likapona, nikajisifu kwa majirani.
Wiki ya tatu magoti yakavimba,
goti hili leo, kesho lile,
nikasema mtoto anakua.
Kumbe ugonjwa ulikuwa unatafuta mlango.
Majani yamekakamaa sasa. Nyuzi zinazoyashikilia,
nyembamba kuliko spoki yoyote niliyowahi kukaza,
zimejikunja, zimefupika.

Tuna sindano ya kila mwezi, na barua ya Dar es Salaam.
Huko wanaweza kuushona mlango huohuo,
au kuutoa na kuweka wa chuma.
Nikauliza kama ni orijino.
Dakta akacheka. Kalunde hakucheka,
alikuwa anajifuta ule ute kwa khanga ya mama yake.

Usiku analalia mito mitatu,
akiishusha mmoja anaamka anahema,
damu imerudi nyuma mapafuni, nyumba imejaa.
Nikadhani amesinzia. Nikaweka sikio mgongoni mwake.
Du, halafu shhh,
halafu dap iliyochelewa kidogo.
Ule shhh ninaujua.
Nimeufuata maisha yangu yote, gurudumu kwa gurudumu,
nikaunyamazisha kwa kiraka cha mia mbili.

"Baba," akasema gizani,
"acha kunisikiliza kama tairi.
Lala."